Shanta ya lita 40 haitoshi kwa siku tatu Kolo: iongezwe wapi?

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma. Mwezi wa saba tunakwenda Kondoa kutembea kwenye vilima vya Kolo, tutalala nje usiku mbili, na mwezi wa tisa wenzangu wanataka tupande Mlima Hanang. Nina shanta ya mtumba niliyoinunua Sabasaba. Imeandikwa lita 40, inafungukia juu, ina kifuniko, na mkanda wake wa kiunoni ni utepe mwembamba tu. Nimepanga vitu vyote vya safari kitandani, havienei. Begi kubwa jipya sina uwezo nalo. Je, fundi anaweza kuliongeza hili langu, na aliongeze vipi bila kuliharibu?

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Ndiyo, linaongezeka, na kwa safari ya Kolo huhitaji zaidi ya lita kumi. Lakini kazi ya kwanza utakayompa fundi isiwe ya mifuko. Iwe ya huo mkanda wa kiunoni. Mtu akiongeza nafasi kwenye begi lenye utepe mwembamba kiunoni, kila anachoongeza kinaning'inia mabegani, na siku ya pili mabega yamechubuka, vidole vya mikono vina ganzi, na safari yote anaitazama ardhi kwa kuinama. Mabegi mengi yanayoletwa kwangu kuongezwa yana kasoro hiyohiyo, na wenye mabegi huwa hawaioni kwa sababu macho yao yako kwenye lita.

Begi lina vipimo viwili. Kuna lita, yaani vitu vingapi vinaingia. Kuna na kilo, yaani uzito gani begi linaweza kuushika na kuufikisha kwenye nyonga bila kunepa wala kufumuka. Cherehani huongeza lita kwa mchana mmoja. Kilo huongezwa na mkanda mpana, uti mgumu nyuma ya begi na mishono imara ya mikanda ya mabega. Ndiyo maana nitaanza na mizani.

Azima mizani, hata ya muuza duka wa mtaani kwenu, upime kimoja kimoja. Mimi nakukadiria hivi, kwa mtu mmoja, usiku mbili za kipupwe, mkigawana hema wawili wawili: begi lenyewe kilo moja na nusu, nusu yako ya hema kilo moja na nusu, begi la kulalia kilo moja na nusu, mkeka wa sponji nusu kilo, nguo na koti kilo mbili, sehemu yako ya jiko na sufuria kilo moja, chakula kilo mbili, tochi na dawa na kamba na simu nusu kilo. Hapo ni kilo 10 na nusu. Weka maji lita tano, ambayo ni kilo tano kamili, jumla inakuwa kilo 15 na nusu.

Kanuni inayotumika sana kwa safari za miguu ni kwamba mtu mwenye afya abebe kama sehemu moja ya tano ya uzito wake, na asivuke robo. Hujaniambia una kilo ngapi. Ukiwa na kilo 60, sehemu ya tano ni kilo 12 na robo ni kilo 15. Kwa hiyo unatoka kambini ukiwa umevuka mpaka kidogo, na unaingia ndani ya mpaka baada ya kunywa chupa ya kwanza. Ukiwa na kilo 50, mpaka wako ni 12 na nusu, na hapo tatizo lako kubwa si begi kuwa dogo. Ni mzigo kuwa mkubwa, na kuliongeza begi kutakupa nafasi ya kujiumiza zaidi. Kaa na mizani hiyo kwa makini kabla hujatoa hela kwa fundi.

Umeona kitu kizito kuliko vyote ni kipi. Huku kwetu kanda ya kati maji ndiyo yanayoamua ukubwa wa begi, na wanaosoma maelekezo yaliyoandikwa kwa milima yenye vijito kila kona hupotezwa na jambo hilo. Mvua zetu huanza Desemba na kuisha Aprili. Ikifika Julai mito mingi ya Kondoa ni mchanga mtupu. Mtu anayetembea juani na kupika jioni anahitaji lita nne hadi tano kwa siku. Ukisema ubebe ya siku zote tatu, hizo ni kilo 12 hadi 15 za maji peke yake, na hakuna fundi wa begi atakayekusaidia. Basi muulizeni mwongozaji mapema mtalala wapi na maji yatajazwa wapi. Kolo ni kijiji kilicho kwenye barabara kuu ya Dodoma kwenda Babati, na kuiona michoro ya miambani, ambayo imo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2006, mtapaswa kupita kwenye ofisi ya kituo pale na kupewa mwongozaji. Hapo ndipo pa kupanga habari ya maji. Mkipata pa kujaza kila jioni, lita tano zinatosha. Lita moja usiyoibeba imekuachia kilo moja na nafasi ya lita moja, na haijakugharimu mshono hata mmoja.

Sasa tuje kwenye nafasi. Namba iliyoandikwa kwenye begi usiiamini moja kwa moja, kwa sababu viwanda havihesabu kwa namna moja: kimoja huhesabu tumbo la begi tu, kingine hujumlisha kifuniko na vijifuko vyote vya nje. Lipime mwenyewe. Tandika shuka ndani, chukua ndoo ya lita 20, ujaze pumba za mpunga au kitu kingine chepesi kinachomiminika, uone ndoo ngapi zinaingia mpaka mdomoni. Usitumie maharage wala mchanga, utachosha mishono bure.

Tukichukulia kweli ni 40, vitu vyako navikadiria hivi: begi la kulalia la nyuzi za plastiki lita 15, nusu ya hema lita 5, nguo 9, chakula 5, sufuria na jiko 4, maji 5, vidogovidogo 3. Jumla 46, na mkeka wa sponji uko nje. Begi halijai bila mapengo, kwa hiyo upungufu wako halisi ni kama lita kumi. Si mkubwa kama ulivyouona kitandani, maana vitu vikitandazwa hutisha.

Nusu ya upungufu huo unaimaliza bila kuligusa begi. Begi la kulalia ndilo linalokula nafasi, na linabanika. Mwambie fundi akushonee mfuko wa duara wa nailoni wenye kifuniko cha kitambaa juu na mikanda minne ya wima ya kuvuta. Ukilisokomeza humo kisha ukakaza mikanda kwa zamu, lita 15 zinashuka hadi kama 10. Usiliache limebanwa nyumbani kati ya safari na safari, nyuzi zake zitalala na halitakupa joto tena.

Chakula nacho kina hewa nyingi. Toa maboksi yote, weka kwenye vifuko vya nguo au vikopo laini. Chagua kinachobeba nguvu kwenye nafasi ndogo: karanga zina karibu mara moja na nusu ya nguvu ya unga kwa uzito uleule, na kwetu si haba. Zabibu kavu za hapahapa Dodoma ni chakula kizuri mno cha kutafuna njiani. Mlenda mkavu, ule wa majani yaliyoanikwa, ukiupika na karanga za kusaga unashusha ugali wa watu wawili na kwenye begi haukuwa na uzito wowote wa kuutaja. Maharage makavu yaache: yanakula saa nyingi za moto na maji ambayo umeyabeba mgongoni.

Baada ya hapo unabaki na pengo la lita tano au sita. Hilo ndilo la fundi. Lakini, kama nilivyosema, kwanza mkanda.

Mkanda wa kiunoni unaofanya kazi una upana wa sentimita 10 hadi 12 pale unapokaa kwenye mfupa wa nyonga, na ndani una sponji ngumu yenye unene wa kama sentimita moja, ile inayotengenezewa mikeka ya mazoezi, si sponji laini ya makochi. Sponji ya kochi hubanwa na kuisha kabisa ukiifunga. Fundi anashona mbawa mbili, kila moja kama sentimita 25 kwa urefu, zinatoka kwenye chini ya mgongo wa begi na kukumbatia nyonga, kisha huo utepe wako wa zamani unapita juu yake kukaza mbele. Mbawa zishikizwe kwenye mshono wa chini wa begi na kwenye kitambaa cha mgongo, sehemu mbili, la sivyo zitajikunja.

Kabla hajashona, pima mgongo wako. Inamisha kichwa, utagusa mfupa unaochomoza chini ya shingo. Mwenzako apime kutoka pale, akifuata uti wa mgongo, hadi usawa wa juu ya nyonga, pale unapoweka mikono ukishika kiuno. Kisha pima begi kutoka mikanda ya mabega inapoanzia hadi mkanda wa kiuno utakapokaa. Vikikaribiana, vizuri. Begi likiwa fupi kuliko mgongo wako kwa sentimita saba au nane, mkanda utakaa tumboni, na hapo hakuna ushonaji utakaoufikisha uzito kwenye nyonga. Kama hali ni hiyo, niamini, lirudishe sokoni ulibadilishe kuliko kulifanyia kazi.

Mkanda unahitaji kitu kigumu cha kuushushia uzito. Shanta nyingi za lita 40 zina sponji tu mgongoni, zikijazwa zinajikunja katikati. Nenda kwa mafundi wa madirisha ya alumini, uombe vipande viwili bapa, upana kama sentimita mbili na nusu na unene wa milimita tatu, urefu wa mgongo wa begi lako. Vipinde taratibu vifuate umbo la mgongo wako, chonga ncha ziwe mviringo, zivalishe raba, kisha fundi ashone mifereji miwili ya kitambaa ndani ya begi, wima, ya kuvichomeka. Usipotaka alumini, kunja mkeka wa sponji usimame ndani upande wa mgongo. Unasaidia, ila unakula nafasi uliyokuwa ukiitafuta, kwa hiyo mimi nachagua alumini.

Haya, mifuko. Kwa pengo lako nakushauri mifuko miwili ya pembeni, ya kuvua na kuvaa, na si kitu kimoja kikubwa nyuma. Sababu ni umbali kutoka mgongoni. Ibebe ndoo ya maji ukiwa umeikumbatia kifuani, kisha ujaribu kuibeba mikono ikiwa imenyooshwa mbele: ni ndoo ileile. Kilo tatu zilizoning'inia sentimita 30 kutoka mgongoni zinakuvuta kwenda nyuma mara tatu ya kilo tatu zilizo sentimita 10. Mifuko ya pembeni inakaa karibu na mgongo, na ikijazwa sawasawa inasawazishana.

Mfuko mmoja uwe wa duara, kipenyo sentimita 14, urefu sentimita 32. Huo ni karibu lita tano, na miwili ni karibu kumi, zaidi ya pengo lako. Kitambaa cha mwili wake kinakuwa na upana wa sentimita 44 kuzunguka, ongeza mbili kwa ajili ya mshono. Mfuko uwe na mdomo wa kukunja na kufunga kwa klipu, usiwe na zipu. Vumbi letu la Julai linaua zipu haraka, na zipu ikifa katikati ya vilima mfuko umekwisha kazi. Usiifanye minene zaidi ya hapo: mikono yako inahitaji kupita ukitembea, na njia za Kolo zina vichaka vya miiba kushoto na kulia.

Angalia ubavuni mwa begi lako. Shanta nyingi zina mikanda miwili ya kubana kila upande, mmoja juu na mmoja chini. Ikiwepo, begi lenyewe halishonwi kabisa: mfuko unawekewa vitanzi viwili mgongoni mwake, mkanda wa begi unapita humo, unakazwa, umemaliza. Ongeza kitanzi cha chini kinachofungwa kwenye mshono wa kitako ili mfuko usicheze. Ukipanda basi unaivua na kuiweka miguuni. Vitu vinavyoning'inia nje hung'olewa kwenye buti la basi zaidi kuliko porini.

Kama mikanda hiyo haipo, fundi aiweke, na hapa ndipo pa kusimama naye. Mkanda wowote unaobeba mzigo ushikizwe kwenye mshono wa begi, usishonwe katikati ya kitambaa kitupu. Kwenye mshono kuna tabaka kadhaa za kitambaa pamoja, na nguvu husambaa kufuata mstari wote. Katikati ya kitambaa nguvu yote inaangukia matundu ya sindano, na matundu hayo huchanika yakifuatana. Kwa hiyo fundi afumue mshono wa ubavu kidogo, kama sentimita nne, achomeke ncha ya mkanda ndani, aifunge tena kwa kupita mara tatu. Ikibidi kabisa mkanda ukae kwenye kitambaa kitupu, upande wa ndani kiwekwe kiraka cha ukubwa wa kiganja, na mshono wa mkanda uwe mraba wenye alama ya mkasi (X) ndani yake. Hatua za mshono ziwe milimita tatu hadi nne. Mafundi wa nguo hupenda hatua fupi wakidhani ndiyo uimara. Kwenye nailoni hatua fupi ni kutoboa mstari wa kuchania.

Uzi uwe wa nailoni au poliesta. Uzi wa pamba hauna kazi hapa, jasho na jua vinauoza. Cherehani ya kawaida ya fundi nguo yenye sindano namba 16 au 18 inashona mifuko bila shida. Mahali penye tabaka nyingi, kama mkanda wa bega unapoingia mgongoni mwa begi, mpelekee fundi viatu. Kwa msharasi na uzi uliopakwa nta anafunga pale kwa mkono kwa namna ambayo cherehani ya nguo haiwezi. Mimi humwambia kila mtu aimarishe sehemu hiyo hata kama bado haijaonyesha dalili, kwa sababu begi likiongezwa, pale ndipo panapopokea nyongeza yote.

Kwa vifaa, usihangaike kununua kimoja kimoja. Tafuta begi bovu la mtumba, lililochanika tumbo lakini lina mikanda mizima, ulinunue kwa bei ya kutupa. Utapata humo klipu, mikanda, vile vipande vya plastiki vya kukazia, sponji ya mabega na kitambaa kizito cha kushonea mifuko. Ukinunua mkanda mpya kwa mita, ujaribu hivi: kata kipande, kiloweshe na kukikamua hewa ndani ya kikombe cha maji. Kikielea ni polipropilini, ambayo jua letu huila upesi ikawa kavu na kumeguka. Kikizama ni nailoni au poliesta, chukua. Ncha zote zichomwe kwa mshumaa zisifumuke. Na kitambaa cha madoadoa ya kijeshi kiache hata kikiwa imara kuliko vyote sokoni. Sheria yetu inamkataza raia mavazi ya jeshi na yanayofanana nayo, na hutaki kujieleza barabarani kwa ajili ya mfuko wa pembeni.

Nje ya begi panafaa kitu chepesi na kisichochanika. Mkeka wa sponji unafaa, ufungwe chini ya kitako kwa mikanda miwili, au wima pembeni. Begi la kulalia kamwe, na mkeka wa kujaza upepo kamwe: mwiba mmoja wa mgunga unakutosha kulala juu ya mawe. Kitambaa cha hema kiingie ndani, vijiti vyake visimame pembeni chini ya mikanda ya kubana. Mafuta ya jiko yakae kwenye mfuko wa pembeni peke yake, mbali na chakula. Wengine hufungia vitu kwa mipira ya tyubu kama kwenye bodaboda. Kwenye pikipiki inafanya kazi vizuri kwa sababu kuna chuma cha kubania. Mgongoni mpira unavutika kila hatua, mzigo unarukaruka, na kila mruko unavuta mshono.

Kuna nyongeza nyingine utakayosikia ikisifiwa, ile ya kuongeza shingo: kipande cha kitambaa chepesi kinachozunguka mdomo wa begi na kupanda juu, chenye kamba ya kukaza, na kifuniko kinarefushiwa mikanda ili kikae juu yake. Kama mdomo wa begi lako ni wa umbo la yai, upana sentimita 28 na kina 18, shingo ya sentimita 20 inakupa karibu lita nane. Ni kazi rahisi kwa fundi na ni safi kwa macho. Ila inapandisha mzigo juu ya mabega, na mzigo wa juu huyumba unaporuka kutoka jiwe hadi jiwe, tena matawi ya chini yanaunasa. Humo kiwekwe kitu chepesi peke yake, nguo za baridi na kadhalika. Kwa Kolo usiishone. Nitairudia kwenye habari ya Hanang.

Upangaji wenyewe ni mfupi kueleza. Chini kabisa begi la kulalia. Katikati, likigusa mgongo, lile zito: maji, chakula, sufuria. Nguo zijaze mapengo upande wa nje. Juu kile utakachokihitaji kabla ya jioni. Maji yawe kwenye chupa za lita moja na nusu, zisimame wima, si kwenye dumu moja la lita tano ambalo halina umbo la kukaa popote na likipasuka limekwisha lote. Mifuko ya pembeni ibebe uzito sawa, pima kwa mikono. Kukinga vitu na vumbi na chupa inayovuja, mfuko wa ndani wa yale magunia ya kuhifadhia mahindi bila dawa unafaa kuliko vyote, ni plastiki nzito na unakunjika vizuri mdomoni. Uwe mpya, usiwe uliokaa na nafaka yenye dawa.

Kabla fundi hajaanza, kagua kama begi linastahili kazi. Ligeuze nje ndani. Rangi ya ndani ikiwa inanata au inabanduka kama maganda, kinga ya maji imekufa, lakini kitambaa kinaweza kuwa kizima, endelea. Inua kitako chake kwenye mwanga wa jua: ukiona mwanga unapenya kwa madoa, kitambaa kimelika, na hilo ndilo begi la kuacha. Vuta mikanda ya mabega kwa nguvu ukitazama mshono. Matundu ya sindano yakifunguka kama vidomo, fundi viatu kwanza, mengine baadaye.

Kazi ikikamilika, weka kilo 18 ndani, ulitundike usiku mzima kwa mikanda yake ya mabega. Asubuhi kagua kila mshono mpya. Kisha punguza hadi kilo zako za safari, utembee nalo saa mbili, kupanda na kushuka, kwenye kilima chochote cha jirani, viatu vilevile vya safari. Kaza mkanda wa kiuno kwanza, mabega baadaye. Ukiweza kupitisha vidole viwili kati ya mkanda wa bega na bega lako huku begi limetulia, uzito umeshuka kwenye nyonga. Usipoweza, mkanda wa kiuno umekaa chini mno au juu mno, na hiyo bado ni kazi ya fundi ya nusu saa.

Hanang ni jambo jingine. Mlima ule una zaidi ya mita 3,400, usiku wake ni baridi kali, na Septemba msitegemee maji njiani, mtayapandisha. Nguo zako zitaongezeka kwa lita nyingi na kilo chache, kwa hiyo pale shingo ina kazi, na mkanda uliotengenezewa Kolo utakuwa tayari kuibeba. Maji ndiyo yatakayozidi. Usijaribu kuyamaliza kwa begi: ongeeni na waongozaji wa Katesh, mji ulio chini ya mlima, juu ya wapagazi, gharama igawanywe kwa kikundi. Ukirudi kutoka Kolo, niandikie kilo zako, urefu wa mgongo ulioupima na vipimo vya mdomo wa begi, nikupigie hesabu ya shingo ya urefu gani.